Babati Itundike Michoro Yake Ukutani

Katika viunga vya karibu kila mji wa Tanzania kuna ukuta ulioandikwa kwa brashi nene: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Mara nyingi ukuta wenyewe haujapigwa lipu. Mahali pengine hakuna hata nyumba, ni msingi tu na tofali chache zilizozungukwa na nyasi, na maandishi yanasema KIWANJA HIKI. Aliyeandika hakukusudia kupamba. Alitaka maneno yafanye kazi iliyolishinda tofali: kumwambia mpita njia kwamba ardhi hii ina mwenyewe, hata kama mwenyewe yuko Mwanza au Muscat.

Mwaka 1968 msanii Mmarekani Lawrence Weiner aliamua kwamba kazi yake ya sanaa inaweza kuwa sentensi tu. Kitu kinachotajwa na sentensi hiyo kingeweza kutengenezwa au kisitengenezwe, na kazi ingebaki kuwa kazi. Tangu hapo maneno yake yamepakwa kwenye kuta za makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani, watazamaji wakisimama mbele yake, wengine wakitafakari, wengine wakitoka huku wanacheka. Mkazi wa Babati akisimuliwa habari hii naye atacheka, na anayo haki. Lakini mkazi huyo huyo, akiwa na kiwanja katika kata za Maisaka, Bagara au Singe, anaishi ndani ya wazo lililochorwa na mtu mwingine kabla hajafika. Akilitii anapata hati. Akilikiuka, hata kwa kutojua, siku moja ataamka akute ukuta wake umepigwa alama.

Ndiyo maana michoro ya mipango miji inayoamua viunga vya Babati itundikwe hadharani, mikubwa, kwa Kiswahili, kabla bikoni ya kwanza ya mpaka haijafukiwa ardhini. Wapima ardhi na wanasheria wana sababu zao za kuunga mkono dai hilo. Sababu nzuri kuliko zote, hata hivyo, zimetoka kwa wasanii ambao watu wengi huwaona wavivu wa kuchonga.

Babati haukuwa mji wa kuchorwa sana. Ulikua kama kituo kwenye barabara ya Arusha kwenda Dodoma, mahali pa maduka, soko na ofisi chache, kati ya ziwa lenye viboko na mlima Kwaraa. Wilaya ya Babati ilipatikana 1985 kwa kumegwa kutoka Hanang. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara nao ukamegwa kutoka Arusha, na Babati ukawa makao makuu. Sensa ya 2012 iliukuta mji ukiwa na watu zaidi ya 93,000. Aprili 2018 barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilometa 251, ikazinduliwa, na basi lililokuwa likipigana na tope la Kondoa likaanza kufika kwa saa zinazohesabika.

Tarehe ya 2002 inastahili kuangaliwa kwa makini. Shamba la mahindi lililokuwa nje ya mji mdogo mwaka 2001 liliamka likiwa pembezoni mwa makao makuu ya mkoa bila jembe kuligusa. Udongo ulikuwa ule ule, mipaka ile ile ya minyaa, mwenye shamba yule yule. Kilichobadilika ni mstari kwenye ramani na sahihi chini yake. Bei ikapanda, vijana wenye kalamu masikioni wakaanza kupita wakiuliza nani anauza, na baba aliyezoea kugawia wanawe ekari akaanza kusikia habari za futi ishirini kwa arobaini.

Mabadiliko ya namna hii, ambapo kitu kinabaki kilivyo lakini hadhi yake inageuka, ndiyo yaliyowashughulisha wanafalsafa wa sanaa karne iliyopita. Mwaka 1917 msanii Marcel Duchamp alipeleka bakuli la kukojolea la dukani kwenye maonyesho jijini New York akidai ni sanaa. Waandaaji walikataa kulionyesha, na hoja yake ikawashinda wote waliofuata. Mwaka 1964 mwanafalsafa Arthur Danto aliingia katika jumba la maonyesho, akakuta Andy Warhol amepanga maboksi yanayofanana na yale ya sabuni ya Brillo ya madukani. Danto aliuliza swali linaloonekana la kitoto: ikiwa macho hayaoni tofauti kati ya boksi la stoo na boksi la maonyesho, tofauti iko wapi? Jibu lake lilikuwa kwamba haiko ndani ya boksi. Iko katika nadharia, historia na watu wanaolizunguka, yaani katika ulimwengu mzima wa sanaa unaokubali kulihesabu hivyo.

Badala ya boksi weka jiwe la zege lenye namba. Mkulima analiona jiwe. Afisa ardhi anaona kona ya kitalu. Macho yao yanatazama kitu kimoja, ila nyuma ya afisa kuna ofisi, sheria, faili na muhuri. Mwanafalsafa John Searle, katika kitabu chake cha 1995 kuhusu namna jamii inavyojenga ukweli wake, alitoa mfano unaowafaa sana wapima ardhi: watu wanajenga ukuta kuzunguka makazi yao, ukuta unabomoka pole pole mpaka inabaki safu ya mawe ambayo hata mbuzi anairuka, lakini wakazi na jirani zao wanaendelea kuiheshimu kama mpaka. Nguvu ya kuzuia imehama kutoka kwenye mawe kwenda kwenye makubaliano. Bikoni haizuii hata kuku. Inafanya kazi kwa sababu tumekubaliana inafanya kazi, na siku makubaliano yakivunjika, mtu anaing'oa usiku na kuihamisha hatua tatu.

Wasanii wa dhana, yaani kina Weiner wanaohesabu wazo kuwa ndiyo kazi yenyewe, walikwenda mbele ya Danto, na hapa ndipo habari inapokuwa tamu kwa yeyote aliyewahi kufuatilia hati. Mwaka 1965 Joseph Kosuth aliweka kiti cha kawaida, pembeni yake picha ya kiti hicho hicho yenye ukubwa wake halisi, na upande wa pili maelezo ya kamusi kuhusu neno kiti. Akauacha umma ujiulize kipi kati ya vitatu hivyo ndicho kiti. Mwananchi wa Tanzania hana haja ya kwenda makumbusho kukutana na fumbo hilo. Anao udongo anaoukanyaga, anayo ramani ya upimaji, anayo hati miliki. Kipi ndicho kiwanja? Akijibu udongo, Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 inamkumbusha kwamba ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Yeye amepewa haki ya kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99, pamoja na masharti ya kuiendeleza. Alicholipia kwa jasho la miaka kumi ni muda na ruhusa.

Sol LeWitt, aliyeandika mwaka 1967 kwamba katika sanaa hii wazo ndilo mashine inayozalisha kazi, alifanya jambo la ajabu zaidi. Kuanzia 1968 alitunga michoro ya ukutani ambayo hakulazimika kuichora mwenyewe. Aliandika maelekezo: mistari mingapi, ya rangi gani, itoke kona gani kwenda wapi. Mafundi wakachora. Anayenunua kazi ya LeWitt hanunui ukuta wala rangi. Anapokea cheti na kielelezo. Akihama nyumba, anaupaka ukuta wa zamani rangi nyeupe, anawaita mafundi kwenye ukuta mpya, na kazi imehama naye. Mwenye ukuta mzuri uliochorwa kwa ustadi lakini hana cheti, mbele ya soko la sanaa hana kitu.

Mtu aliyejenga kata ya Nangara, hapo hapo Babati, kwa tofali za kuchoma, akapaua, akaweka milango ya mninga, kisha akaambiwa eneo lake halijapimwa, anaijua falsafa hiyo kwa maumivu. Ana nyumba anayoweza kuigonga kwa mkono, na benki inamtazama kama hana. Mwenzake aliyeko Dar es Salaam, mwenye hati ya kiwanja ambacho hajawahi hata kukiona kikiwa na mvua, anakopeshwa. Kwa LeWitt ulikuwa mchezo wa akili uliowafurahisha matajiri. Kwa mkazi wa Nangara ni ada ya shule ya mtoto.

Dunia ilijenga viunga kwa mawazo zamani kabla wasanii hawajayachezea. Huko Long Island, nje ya New York, kampuni ya familia ya Levitt ilijenga nyumba zaidi ya 17,000 kati ya 1947 na 1951, zote zikitokana na vielelezo vichache vilivyorudiwa. Mikataba ya mwanzo ilikuwa na kifungu kilichowazuia watu wasio weupe kuishi humo. Msanii Dan Graham alipotembea katika vitongoji vya namna hiyo vya New Jersey na kamera ya bei rahisi, aliona kwamba tayari vilikuwa sanaa ya dhana iliyofanywa na watu wasiojua wanaifanya: aina nane za nyumba, rangi nane, kisha hesabu ya kuzipanga. Makala yake ilitoka katika jarida la Arts Magazine toleo la Desemba 1966 na Januari 1967, ikiwa imeandikwa kwa lugha kavu ya broshua ya dalali. Hakulaani kitu. Aliorodhesha tu, na orodha ikatisha.

Afrika Mashariki ilichorewa viunga vyake kwa kifungu kile kile cha rangi, mapema zaidi. Wajerumani waliigawa Dar es Salaam kwa kanuni ya ujenzi ya 1891: huku nyumba za mtindo wa Kizungu, kule vibanda vya wenyeji. Waingereza walipoichukua wakaendeleza, wakaliacha wazi eneo la Mnazi Mmoja kati ya Uhindini na Kariakoo, kwa kisingizio cha afya. Miji mingi ya bara ikarithi mpango huo wa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uhuru ukaja, majina hayo yakaondolewa kwenye nyaraka, na nafasi zake zikachukuliwa na maneno matulivu: msongamano mdogo, msongamano wa kati, msongamano mkubwa. Leo mchoro wa mipango miji wa mji wowote wa Tanzania una makundi hayo matatu. Hakuna mbaya aliyekaa ofisini akipanga ubaguzi. Wazo la zamani limebaki kwenye kielelezo likiendelea kuzalisha, sawa kabisa na mashine ya LeWitt, na atakayepewa mita za mraba 1,500 na atakayepewa 300 wanaamuliwa na rangi ya kalamu kwenye karatasi.

Msanii aliyelionyesha hili kwa ukali kuliko wote katika ulimwengu wa Kiswahili ni Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi 1978. Mji wake ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa ajili ya shaba ya Katanga, na kati ya mtaa wa wazungu na mitaa ya Waafrika waliacha ukanda mtupu wa mita 500, wakiamini mbu wa malaria hawezi kuruka umbali huo. Mwaka 2013 Baloji alitengeneza kazi aliyoiita insha kuhusu mipango miji. Alipiga picha za Lubumbashi kutoka angani, ukanda ule ukionekana bado kama kovu katikati ya mji, kisha akazipanga pamoja na picha za visanduku vya makumbusho vyenye wadudu waliochomwa pini, nzi na mbu kwa mamia. Ndani ya kazi hiyo mna picha ya kumbukumbu ya miaka ya 1920 inayohusu amri moja ya kikoloni: mfanyakazi hapati posho yake ya chakula ya siku mpaka alete nzi hamsini. Mwaka 2015 kazi hii ilionyeshwa katika banda la Ubelgiji kwenye maonyesho ya Venice, yaani kwa wajukuu wa waliochora ukanda.

Baloji hakuongeza kitu ambacho hakikuwepo. Ramani ilikuwepo, wadudu walikuwepo kwenye kabati la makumbusho, amri ilikuwepo kwenye makaratasi. Alichofanya ni kuvitundika ukuta mmoja. Mtu aliyeishi Lubumbashi miaka hamsini, akivuka ukanda ule kila siku kwenda kazini, anasimama mbele ya picha hizo na kwa mara ya kwanza anasoma mji wake. Wahandisi wa mipango huchukua semina nzima kueleza jambo hilo, na bado wasikilizaji husinzia baada ya chai.

Manyara nayo ina somo lake la mistari iliyochorwa kwa haraka. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja. Operesheni Vijiji ikapita pia katika nchi ya Wagorowa, Wairaqw, Wambugwe na Warangi: nyumba zipangwe kwa safu, barabara inyooke, shule na zahanati zikae katikati. Kwa kuitazama kutoka juu ilikuwa picha nzuri, kiunga cha mji bila mji wenyewe. Kwa walioishi chini, ilikuwa tembe ya babu iliyoachwa, na shamba la mtu kugawiwa mtu.

Miaka ya 1980 watu wakaanza kwenda mahakamani kudai walikotolewa. Serikali ikapitisha sheria mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila zilizokuwepo kabla ya vijiji na kuzima kesi hizo. Ndipo ikatokea kesi iliyobeba jina la Lohay Akonaay, kutoka nchi ya Mbulu, jirani kabisa na Babati. Mahakama ya Rufani iliamua Desemba 1994 kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, hata kama haina karatasi. Kwa lugha ya Kosuth, majaji walisema kiti cha kukalia kinahesabika, ijapokuwa picha na kamusi havipo. Hukumu hiyo haisomwi vya kutosha katika vyuo vya mipango miji. Katika vyuo vya sanaa haisomwi kabisa, wakati ingetosha muhula mzima.

Kuna alama moja ya sanaa ya dhana ambayo kila Mtanzania anaielewa bila mwalimu: herufi X. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Nyumba iliyolala Jumatatu nje ya hifadhi, Jumanne ilikuwa ndani, nayo haijasogea. Kwa utaratibu uliozoeleka, aliyepigwa X nyekundu amevamia hifadhi na hana fidia, na aliyepigwa X ya kijani amefuatwa na barabara, kwa hiyo anastahili kulipwa. Danto alianzisha kitabu chake maarufu cha 1981 kwa miraba myekundu inayofanana kabisa lakini yenye maana tofauti. Angekuja kwetu angekuta wakala wa barabara amemtangulia na hoja ya kinyume chake: herufi moja, rangi mbili za kopo, na umbali kati ya maana zake ni mamilioni ya shilingi. Mwaka 2017, kwenye Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kiluvya ambako hifadhi inadaiwa kuwa zaidi ya mita 100 kila upande, tingatinga zilifuata X hizo zikabomoa nyumba za watu waliokuwa na mikataba ya umeme na maji.

Hapa ndipo falsafa ya sanaa ya dhana inapofika mwisho wa msaada wake, na ni vizuri kusema wazi. Mwaka 1977 mwanafalsafa Timothy Binkley alidai kwamba kazi fulani za sanaa unaweza kuzijua bila kuziona. Maelezo yanatosha, na kwenda makumbusho hakukuongezei kitu. Kwa mzaha wa Duchamp inawezekana kuwa kweli. Kwa mtaa si kweli hata kidogo. Wazo la LeWitt likibaki kwenye faili milele halimuumizi mtu, lakini barabara ya mita 12 iliyochorwa na haikufunguliwa inamzuia mama mjamzito asitoke usiku, na gari la zimamoto linageuzia njiani. Shule iliyowekewa rangi yake kwenye mchoro, eneo likauzwa vipande vipande, haionekani kwenye picha ya mtu yeyote ila kwenye miguu ya watoto wanaovuka lami kwenda kata nyingine. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam 2002 ulikuwa safi karatasini, na baadhi ya viwanja vyake vilikaa vichaka kwa miaka mingi, wenyewe wakisubiri bei ipande. Utekelezaji, ambao wasanii wa dhana waliudharau, ndio wenye uhai wa watu.

Bado wasanii wale wanabaki na kitu ambacho halmashauri hazina, nacho ni tabia ya kulionyesha wazo hadharani ili libishaniwe.

Msanii Gordon Matta-Clark alisomea usanifu majengo Chuo Kikuu cha Cornell, akaishia kukata majengo kwa msumeno. Mwaka 1973 aligundua kwamba Jiji la New York hupiga mnada vipande vya ardhi vilivyobaki baada ya wapima kukosea hesabu: pembe, vichochoro, mistari kati ya ua na ua. Alinunua 15, karibu vyote Queens, kwa dola 25 hadi 75 kila kimoja. Kimoja kilikuwa na upana usiofika mita moja na urefu unaozidi mita 100. Vingine havikuweza kufikiwa bila kupita uani kwa mtu. Akakusanya hati, ramani na picha za kila kipande, akavipa jina la Fake Estates. Alifariki 1978 akiwa na miaka 35, kodi za vipande hivyo hazikuwa zimelipwa, navyo vikarudi mikononi mwa jiji. Makaratasi yamebaki, na kutoka kwenye makaratasi hayo watu wa New York waliona kwamba ramani ya mji wao ina makosa, kwamba makosa hayo yana namba za kitalu, na kwamba yanatozwa kodi.

Babati ina vipande vyake. Kuna pembe zilizobaki pale upimaji wa kampuni ulipokutana na urasimishaji wa serikali ya mtaa bila kulingana. Kuna njia za ng'ombe kuelekea ziwani ambazo hazimo kwenye mchoro ingawa ng'ombe bado wanazo kichwani. Kuna kingo za makorongo yanayoshuka Kwaraa, ambazo kiangazi huonekana viwanja vizuri kabisa. Ziwa Babati lilifurika mwaka 1990 maji yakaingia mjini, na wazee wanajua yalifika wapi. Desemba 3, 2023, jirani tu Katesh, tope kutoka mlima Hanang liliua zaidi ya watu 80. Mchoro unaoonyesha vitalu bila kuonyesha maji yalikopita ni mchoro wa uongo hata kama vipimo vyake viko sawa kwa sentimita.

Kinachodaiwa hapa si kigeni kwa sheria. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wananchi washirikishwe katika kuandaa mipango. Kwa kawaida ushirikishwaji huo huwa mkutano wa hadhara, mchoro mmoja umeshikwa pembe mbili na vijana wa ofisi, upepo ukiupeperusha, mwenyekiti wa mtaa akisoma majina, na watu walio nyuma hawaoni kitu. Mkutano ukifungwa, mchoro unakunjwa na kurudi mjini. Anayetaka kuuona tena aende ofisi ya ardhi, aeleze yeye ni nani na anautakia nini.

Badala yake, kila kata kati ya nane za mji, kuanzia Bonga hadi Sigino, ipate mchoro wake kwenye ubao wa mita tatu, chini ya paa dogo la bati, mbele ya ofisi ya mtendaji. Stendi ya mabasi ipate wa mji mzima. Majina yaandikwe yale wanayotumia watu: kwa fulani mwenye mashine, kisima cha zamani, mti wa mikutano, pamoja na namba za vitalu. Hifadhi ya barabara ipakwe rangi yake kabla haijapakwa kwenye nyumba ya mtu. Alama ya maji ya 1990 iwekwe. Mchoro ukae miezi mitatu kabla ya upimaji, na pembeni kuwe na daftari la maoni lenye kurasa zenye namba, kwa sababu kurasa zisizo na namba hupotea. Apatikane mchoraji wa mabango, yule anayeandika majina ya saluni na vinyozi, aukuze kutoka kwenye karatasi ya mpima. Anajua kuandika herufi zinazosomeka kutoka kwenye bodaboda inayokimbia, na hakuna programu ya kompyuta inayomzidi kwa hilo.

Maafisa watakuwa na pingamizi, na moja lina uzito. Watasema mchoro ukitundikwa kabla ya upimaji, madalali watausoma kwanza, watawawahi wazee na kuwanunulia mashamba kwa bei ya kutupa siku mbili kabla ya tangazo. Hofu hiyo ingekuwa na maana kama leo madalali hawaujui mchoro. Wenye mashamba Mutuka na Singe wamezoea kufuatwa na mnunuzi anayejua barabara itapita wapi, anayekataa ekari ya juu na kung'ang'ania ya chini, na asiyesema kwa nini. Mnunuzi huyo mchoro ameuona. Ambaye hajauona ni muuzaji.